Kosa la Kudaka Mtoto

Katika msafara mzima hapakuwa na watu waliovunja vikombe kama watu wa Mkia, wala hapakuwa na watu waliojivunia hasara yao namna ile. Mkia kilikuwa chombo cha mwisho katika safu ndefu ya vyombo vilivyokuwa vikikata anga, kikuukuu, chenye kutu kwenye maungio na harufu ya soksi ndani ya mabomba ya hewa. Walipewa wao kwa sababu hakuna mwingine aliyekitaka. Wenyeji wa msafara waliwaita Wazito. Wenyewe walijiita "sisi wa kwetu", ingawa huko kwao kulikuwa kumefukiwa na majivu na hakuna aliyetarajia kukuona tena.

Huko kwao kila kitu kilikuwa na uzito maradufu. Kikombe kikiponyoka mkononi kilikuwa kimeshafika chini kabla mwenyewe hajasema "ala". Ndani ya Mkia vitu vilianguka kwa nafasi, kama mgeni anayeaga: mguu mmoja nje, maneno bado ndani. Mzito aliyeona kitu kinaanguka alirusha mikono mapema, viganja vikakutana patupu, kisha kitu chenyewe kikaja kwa wakati wake na kupita zake. Sahani waliziweka mezani kwa kishindo. Ngazi walizipanda kana kwamba zimewatukana. Daktari wa Chombo Kikuu aliwahi kuwaeleza kwamba mwili husahau uzito wa zamani baada ya miezi michache tu. Walimsikiliza kwa adabu, wakatoka, wakabamiza mlango.

Miongoni mwao aliishi fundi viatu, mwanamke wa makamo, mchache wa maneno, mwenye vidole vilivyokauka kwa gundi. Kibanda chake kilikuwa chini ya ngazi ya bwalo la chakula: ubao wa kukatia, kalibu za mbao za kuundia viatu, nyundo, msharasi wa kutobolea ngozi, na marundo ya mikanda mikuukuu ya mitambo ambayo ndiyo iliyokuwa ngozi yenyewe. Kazi haikumpungukia. Watu wanaokanyaga vile humaliza visigino kama watoto wanavyomaliza sukari, na mlangoni pake hakukosekana mteja amesimama kwa mguu mmoja akingoja wa pili.

Wasichokijua wateja ni kwamba visigino vya fundi mwenyewe viliisha kwa tupa. Alivisugua kila vilipoonekana vizima mno. Vyenyewe havikulika, kwa sababu hakuwa Mzito. Alikuwa amezaliwa katika mapito ya Chombo Kikuu, kwa mama msafisha matangi, miongoni mwa wale walioitwa wasio na kwao: watu ambao hawahesabiwi na chombo chochote, wanaolala karibu na mabomba ya moto na kuamshwa kwa teke.

Alivyoingia kwa Wazito ni hadithi fupi. Siku walipopokelewa alikuwa akifagia ukumbi wa kushukia. Ofisa aligawa makazi: wenye familia walipata chumba chenye mlango, wapweke wakapelekwa katika ukumbi mmoja, vitanda vya ghorofa na pazia. Mama mmoja asiyejulikana kwa wenzake, ambaye binti yake alikuwa amemfia njiani, alifika mbele ya ofisa. Akamtazama ofisa, akayatazama yale mapazia, kisha akamshika mfagiaji mkono.

"Huyu ni binti yangu," alisema. "Hasemi sana. Amepatwa na mshtuko."

Ofisa akawapa ufunguo. Ndivyo fundi alivyozaliwa mara ya pili, mtu mzima, na fagio mkononi.

Isidhaniwe kwamba hapo yaliota mapenzi. Mama huyo alilimaliza jambo hilo siku ileile, mara tu mlango ulipofungwa.

"Nilihitaji mlango," alisema. "Bila mlango huwezi kulia hata kidogo, watu watakujia na ushauri. Wewe ni bawaba yake tu. Usinizoee."

Baada ya hapo akamfundisha, na alimfundisha kama mtu anavyomfundisha mbwa wa jirani. "Unatembea kama mwizi. Kanyaga." "Weka bakuli, usililaze." Lililomtoa jasho zaidi lilikuwa kukosa. Mama aliketi kitandani akiangusha vijiko, na fundi alitakiwa kuvirukia kabla ya wakati. "Mapema. Mapema zaidi. Umekishika? Haya, umeshatolewa, chukua fagio lako." Miaka ilipita hivyo. Hakumwita mwanangu hata siku moja. Alimwita "wewe", na mbele za watu "huyu". Wazito hawakushangaa. Kwao mapenzi ya mama yalikuwa na sauti kama hiyo.

Tahadhari hizo zilikuwa na sababu. Chombo walipewa kwa kuwa ni watu wa asili moja. Mkuu wa msafara alikuwa amesema wazi kwamba siku Mkia utakapoonekana umejaa watu wa kuokoteza, wote watatawanywa katika vyombo vingine. Kwa hiyo waliwawinda walaghai kuliko panya. Aliwahi kupatikana mwanamume aliyezijua nyimbo zote za kwao, akatolewa kwa sababu alizijua zote. "Mtu wa kwetu," alieleza Katibu wa kikao chao siku hiyo, "anajua ubeti wa kwanza, halafu anaguna mpaka mwisho." Katibu alikuwa mtu wa shingo pana, aliyekuwa msimamizi wa visima kwao, na alisimamia watu kwa namna ileile: alichungulia, akatupa jiwe, akasikiliza.

Fundi alijua la kufanya. Hakukaa karibu na kitu kinachoweza kuanguka, na alivunja vikombe kwa kiasi kinachofaa. Angeweza kuzeeka hivyo.

Ikawa mchana mmoja, bwalo limejaa, mtoto wa mpishi akapanda ngazi kuelekea kwenye roshani walikoanika vitambaa vya jikoni. Alikuwa kwenye umri wa kutaka kila kilicho juu. Akafika kileleni, akageuka kumwonyesha mama yake jinsi alivyo mkubwa, akateleza.

Bwalo zima likarusha mikono. Waliokuwa karibu waliirusha kumwokoa, waliokuwa mbali waliirusha kwa kuwa mikono haikujua kama iko mbali, na viganja vyote vikakutana kwa pamoja, pa, kofi moja kubwa kama la kupokea wageni rasmi. Kofi lilipokwisha, mtoto alikuwa bado angani.

Fundi alitoka chini ya ngazi na misumari midomoni. Hakukimbia. Alipiga hatua, akapanua aproni yake, akatazama juu, akangoja. Mtoto akaja, akatua, akaomba mkate.

Kule kungoja ndiko kulikomponza.

Mpishi alimnyakua mwanawe, akampapasa kichwa, mbavu, miguu, akahakikisha yuko mzima, ndipo akainua macho. Alikuwa mwanamke mkubwa mwenye mikono iliyoungua hadi kwenye viwiko.

"Ulingoja," alisema.

Fundi alitema misumari kiganjani. "Nini?"

"Mwanangu anaanguka, wewe umesimama unamngoja kama unangoja maji yachemke."

"Nimemdaka, dada."

"Ndiyo hiyo. Mtu wa kwetu angemkosa."

Kinyozi, ambaye hakuweza kuliacha neno lipite bila kulinyoa, alisema kutoka meza ya nyuma, "Kumbe shukrani ya punda bado ni mateke."

"Nyamaza, kinyozi. Nimeuliza swali."

"Hujauliza, shemeji. Umehukumu."

Hakuna aliyecheka. Watu walimtazama fundi, kisha miguu ya fundi, kisha wakatazamana. Katibu aliweka kijiko chini, kwa kishindo, na kuanza kusikiliza.

Kuanzia hapo maisha chini ya ngazi yalibadilika. Wateja walikuja kuchukua viatu vyao kabla havijaisha. Kuna mzee aliyepita kwenye ujia kwa juma zima akichechemea na kisigino kimoja kuliko kumwachia fundi cha pili. Mtu alimwaga maji ya vyombo kwenye ubao wake wa kukatia. Mtu mwingine, au huyohuyo, alichora mlangoni mwao fagio, alama ya wasio na kwao, kwa mkaa, na fundi alipolifuta likachorwa tena, safari hii kwa ustadi zaidi. Kisha wakaanza kumrushia vitu. Akikata kona, kitunguu. Akiinama bombani kuchota maji, kiatu. Walivirusha kutoka juu, vikashuka polepole, na nyuso zikamkodolea kuona mikono itafanya nini. Fundi alivikosa vyote kwa uaminifu. Alikuwa na uvimbe kwenye paji la uso na mwingine begani, na kila alipokosa walisema, "Umeona anavyoigiza?"

"Lakini kama anakosa," kinyozi aliuliza siku moja, "tutajuaje kama anaigiza au anakosa?"

"Anakosa vizuri mno," alijibu mpishi.

Mwishowe Katibu alikuja chumbani. Alipiga hodi, akaingia, akaegemea ukuta. Kiti kilikuwa kimoja na Mama hakuinuka.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kama umekuja kurusha kitu, rusha uende."

"Nimekuja kwa heshima," alisema Katibu. Fundi alikuwa kwenye ukingo wa kitanda, lakini Katibu alizungumza kana kwamba kitanda ni kitupu. "Watu wana maneno. Kikao kimeamua pawe na jaribio moja la mwisho, mbele ya wote, liishe. Sasa kijiko hakitoshi. Kijiko mtu yeyote atakiacha kianguke. Tunataka kitu ambacho binti yako hawezi kukiacha kivunjike kwa makusudi."

"Kama nini?"

"Una kikombe cha kwetu."

Kikombe kilikuwa pale rafuni, kimefungwa kwa kitambaa: cha udongo mwekundu wa kwao, kidogo, chenye alama ya jino ukingoni. Alitoka nacho kifuani siku walipokimbia. Yule binti wa kweli alikuwa akinywea humo tangu alipoachishwa ziwa. Fundi hakuwahi kuruhusiwa kukigusa, hata kukifuta vumbi.

"Kama huyu ni wako," Katibu aliendelea, "kikombe ni chake pia. Atataka kukiokoa na hataweza. Kama si wako, ataweza."

"Na kama ni mwongo mwenye akili, atakiacha kivunjike."

Katibu alifikiri. Hakuwa mtu wa kufikiri kwa haraka. "Basi kitakuwa kimevunjika," alisema, "na jambo litakuwa limekwisha."

"Nikikataa?"

"Utakuwa umeshajibu, Mama. Yeye atarudi alikotoka, na chumba hiki ni cha familia."

Alipoondoka, Mama alilaza mikono mapajani. Kisha akasema bila kugeuza uso:

"Ukikidaka, wewe unarudi kwenye mabomba yako, na mimi naenda kwenye mapazia. Usipokidaka, umemuua mwanangu mara ya pili."

"Unataka nifanye lipi?"

"Unaniuliza mimi? Mimi ni mama wa nani?"

Fundi alishuka kibandani kwake. Kulikuwa na kiatu kimoja tu kilichobaki, ambacho mwenye nacho alikuwa ameona aibu kukidai, akakishona soli taratibu, kazi isiyo na mteja. Hakuwa na sababu ya kukipenda kile kikombe. Kilikuwa kimemtazama kutoka rafuni miaka yote kama wifi. Hakuwa pia na hamu ya kurudi kuamshwa kwa teke. Mtu aliyekwisha kulala nyuma ya mlango hawezi tena kulala njiani. Lakini alikuwa amechoka kukosa. Alikuwa amekosa vijiko, vitunguu, viatu, mipira ya watoto, chumvi aliyorushiwa mezani, na jambo moja tu alilowahi kulipata lilikuwa mtoto wa watu, nalo ndilo lililomfikisha hapa. Alivuta uzi, akakaza fundo. Aliamua kwamba atakidaka. Atakishika mkononi, liwalo na liwe, amkabidhi mwenyewe, kisha afunge virago. Angalau nyumba ile ingekuwa imempa kitu kimoja akakipokea.

Siku ya kikao bwalo lilijaa hadi kwenye roshani. Walikuwa wameondoa meza za katikati. Mpishi alikaa mbele kabisa, mtoto wake magotini akitafuna ukoko wa mkate na kumpungia fundi mkono. Mpishi aliushusha ule mkono. Katibu alitoa hotuba kuhusu damu, ambayo ni nzito kuliko maji, na kuhusu kikulacho, ambacho ki nguoni mwako, na angeendelea na methali nyingine lau kinyozi asingekohoa.

Mama alipanda juu ya benchi. Alikifungua kitambaa, akakikunja, akakitia kifuani. Akanyanyua kikombe kwa mkono ulionyooka, juu kadiri alivyoweza. Fundi alisimama chini yake, uso juu, na kwa mara ya kwanza alikiona kikombe upande wa chini: kilikuwa na alama ya kidole gumba cha mfinyanzi.

Utakingoja, alijiambia. Simama tu. Ngoja.

Mama aliachia.

Mikono ya fundi iliondoka kabla ya fundi. Aliiona ikienda. Alikuwa bado anajiambia ngoja, na viganja vilikuwa vimekwisha kukutana, pa, kofi la mtu mmoja katika ukumbi mzima, vimeshika hewa. Kikombe kikaja baadaye, bila haraka, kikagonga vifundo vya vidole vyake, kikageuka ubavu, kikapita. Alikirukia tena na kukipiga kwa kiwiko. Kikaenda kwenye mguu wa chuma wa benchi.

Mlio wenyewe ulikuwa mdogo.

Miguu ikaanza kupigwa sakafuni, mmoja mmoja, kisha yote, kama Wazito wafanyavyo wanaporidhika, mpaka taa zikayumba. Yule mzee wa kisigino kimoja alipiga na mguu usio na kisigino.

"Kaigiza," alisema mpishi, lakini ilibidi aseme mara mbili ili asikike. "Katibu, kaigiza."

"Mama mtoto," alisema Katibu, "ulitaka akidake?"

"Nilitaka aondoke."

"Hilo ni jambo jingine. Lilete kikao kijacho."

Kabla ya chakula cha jioni viatu vilikuwa vimerudi chini ya ngazi, rundo kubwa kuliko awali. Waliovileta walivileta bila neno. Kinyozi peke yake alisimama kidogo, akatazama uvimbe kwenye paji la uso wa fundi, akasema, "Ukitaka nikushushie nywele za mbele zifunike hapo, njoo." Hiyo ndiyo iliyokuwa pole ya Wazito, na fundi aliipokea.

Akapanda chumbani. Mama alikuwa amevitandaza vipande juu ya kitambaa kitandani, akivipanga kwa kidole. Vilikuwa vingi na vingine vilikuwa vumbi tu.

"Umeuchagua mlango," alisema.

"Nilitaka kukidaka."

"Usiniambie mimi hayo. Mimi ndiye niliyekufundisha."

"Nilitaka, Mama. Nilisimama nikasema nitangoja. Mikono ikatangulia."

Mama aliinua kile kipande chenye alama ya jino, akakitazama kwenye taa, akakirudisha mahali pake. Alipomgeukia fundi, uso wake ulikuwa mkavu kama ubao wa kukatia ngozi.

"Hayo wanasema watu wa kwetu," alisema. "Wewe usiyaseme."

Hapakuwa na mtu katika msafara mzima ambaye angeweza kumwamini fundi, na aliyestahili kuambiwa alikuwa amekwisha kuambiwa. Aliketi sakafuni karibu na mlango, akatoa kiatu na msharasi mfukoni mwa aproni, apate cha kutazama.

Hodi ikapigwa. Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya kujipendekeza, ya mtu aliyekuja na kiatu kilichoachama.

"Mama, samahani. Fundi yupo?"

Mama alimtazama fundi pale chini, msharasi mkononi, uzi mdomoni.

"Mwanangu ametoka," alisema. "Njoo kesho."

Hatua zikaondoka kwa kishindo. Mama akarudi kwenye vipande vyake. Fundi akaacha kushona, asisikike, akakaa kimya kama mtu ambaye kweli ametoka.